Kasi ya sauti inashuka kila masafa yakipanda: tatizo liko kwenye bomba au kwenye sauti?

mwl_kidato4

Wakuu habari za kazi. Naomba msaada kwenye jaribio la kupima kasi ya sauti hewani kwa kutumia bomba na maji.

Vifaa: bomba la PVC la inchi mbili, kipenyo cha ndani sm 4.7, limekatwa urefu wa sm 70 na liko wazi pande zote mbili. Linazamishwa wima ndani ya bomba la inchi nne lililozibwa chini na kujazwa maji. Uma wa sauti (chuma chenye meno mawili kinachotoa mlio wa masafa maalumu) unagongwa na kushikwa juu ya mdomo wa bomba, halafu bomba linapandishwa taratibu mpaka lifike mahali sauti inapovuma kwa nguvu kuliko kote. Hapo tunapima L, yaani kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa maji. Kwa vile maji yameziba upande wa chini, L ni robo ya urefu wa wimbi, kwa hiyo kasi = 4 × f × L, ambapo f ni masafa, yaani mitikisiko kwa sekunde (Hz).

Joto la chumba ni 29°C. Matokeo:

256 Hz, L = sm 32.6, kasi 334 m/s
320 Hz, L = sm 25.8, kasi 330 m/s
384 Hz, L = sm 21.3, kasi 327 m/s
512 Hz, L = sm 15.6, kasi 319 m/s

Kila kundi darasani linapata mwelekeo huohuo, kwa hiyo si mkono wa mtu mmoja. Wanafunzi wameshafikia uamuzi wao: sauti nyembamba inakwenda polepole kuliko nzito, kama vile rangi ya zambarau inavyokwenda polepole kuliko nyekundu ndani ya prizimu. Hoja yao ina mantiki na sitaki kuizima kwa kusema "kitabu kinakataa". Kosa liko wapi hasa?

---

fundi_maabara

Mwalimu, vipimo vyako ni vizuri sana. Kilichopungua ni urefu wa bomba kwenye hesabu.

Wimbi halikomi pale plastiki inapokoma. Mdomoni hewa inatikisika kwa nguvu, na inasukuma pia hewa iliyo nje kidogo ya mdomo. Kwa hiyo mahali hewa inapotikisika zaidi ni juu ya mdomo, si mdomoni penyewe. Safu ya hewa inayovuma ni ndefu kuliko L unayoisoma kwenye rula. Kwa bomba lenye mdomo mtupu, usio na soketi wala ukingo, nyongeza hiyo ni takriban 0.3 ya kipenyo cha ndani. Kwako:

0.3 × 4.7 = sm 1.4

Ongeza 1.4 kwenye kila L uliyopata, kisha upige hesabu upya:

256 Hz: 34.0, kasi 348 m/s
320 Hz: 27.2, kasi 348 m/s
384 Hz: 22.7, kasi 349 m/s
512 Hz: 17.0, kasi 348 m/s

Mwelekeo wote umeyeyuka. Sababu ya kuonekana kwake ni kwamba nyongeza ni ileile kwa kila uma, ila safu ya hewa inazidi kuwa fupi masafa yakipanda. Sm 1.4 kati ya 34.0 ni asilimia 4. Sm 1.4 hiyohiyo kati ya 17.0 ni zaidi ya asilimia 8. Uma wa masafa makubwa unaumia mara mbili zaidi, basi unatoa kasi ndogo zaidi.

Usiwape wanafunzi hiyo 0.3 kama amri, maana watakuwa wamebadilisha kitabu kwa kitabu kingine. Waache waipate wenyewe kwa njia mbili.

Ya kwanza: tumia vilele viwili, yaani sehemu mbili ambazo sauti inavuma kwa nguvu zaidi. Kwa uma wa 512 Hz endelea kulipandisha bomba kupita kilele cha kwanza. Sauti itafifia, kisha itavuma tena karibu na sm 50. Kilele cha kwanza ni robo ya wimbi, cha pili ni robo tatu. Tofauti yao ni nusu ya wimbi kamili, na nyongeza ya mdomo imejifuta kwa sababu iko kwenye vipimo vyote viwili. Kasi = 2 × f × (L2 − L1). Nyongeza yenyewe utaipata kwa (L2 − 3 × L1) ÷ 2.

Ya pili: grafu. Weka L kwenye mhimili wa wima na 1/f kwenye wa mlalo. Mstari utanyooka, ila hautapita kwenye sifuri. Utaukata mhimili wa wima chini ya sifuri, na umbali huo ndio nyongeza ya mdomo. Mwinamo wa mstari ukiuzidisha kwa 4 unapata kasi. Kwa namba zako, kati ya 256 na 512 Hz, L inapungua mita 0.170 na 1/f inapungua sekunde 0.001953. Mwinamo ni 87.0, mara 4 ni 348 m/s. Mimi naipenda grafu kuliko njia zote, kwa sababu mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba mstari umenyooka. Kama kasi ingekuwa inabadilika na masafa, ungepinda.

Kwa uma wa 256 Hz kilele cha pili kingekuwa zaidi ya mita moja, bomba lako halifiki. Usikitafute.

---

Darubini

Nakubaliana na fundi. Nitaongeza mambo yanayoharibu jaribio hili hata baada ya nyongeza kuwekwa.

*Kugonga.* Uma ugongwe kwenye soli ya ndala au kizibo cha mpira, kamwe si kwenye ukingo wa meza. Ukigongwa kwenye kitu kigumu, unatoa pia mlio mwembamba wa juu, zaidi ya mara sita ya masafa yake, na sikio linaufuata huo badala ya sauti ya msingi. Tena meno yakipata mkwaruzo au kupinda, namba iliyochongwa kwenye uma haiaminiki tena.

*Kushika.* Shika kwenye mpini tu. Meno yawe mlalo juu ya mdomo, jino moja juu ya jingine, ili yatikisike kwenda juu na chini kuelekea ndani ya bomba. Ukiuzungusha uma polepole karibu na sikio utasikia kuna pembe nne ambazo sauti inakaribia kupotea, kwa sababu mawimbi ya ndani na nje ya meno yanafutana. Mwanafunzi akiushika kwa pembe hiyo atasema bomba halivumi. Umbali kutoka mdomoni uwe sm 1 hadi 2. Ukishusha uma mpaka ukaribie kugusa, unauziba mdomo kwa sehemu na nyongeza inabadilika.

*Kutafuta kilele.* Kwanza pandisha haraka ili ujue kilele kiko karibu na wapi. Halafu rudi, ukipite kutoka chini na kutoka juu, uandike sehemu zote mbili na uchukue wastani. Kwa sikio tu, sauti karibu na kilele inabaki kubwa kwa milimita kadhaa, ndiyo maana kusoma mara moja hakutoshi. Feni izimwe.

*Kupima L.* Pima kwa rula ndani ya bomba hadi uso wa maji uliotulia, katikati na si pembeni ambako maji yanapanda kwenye ukuta. Mdomo uwe umekatwa sawasawa kwa msumeno na kusuguliwa msasa. Ukiacha soketi mdomoni, ule ukingo mpana unaikuza nyongeza kuelekea 0.4 ya kipenyo.

*Joto.* Hili linapuuzwa sana. Ning'iniza kipimajoto kwa uzi ndani ya bomba, usisome kile cha ukutani. Maji ya mtungi yanaweza kuwa 25 wakati chumba kiko 29, na hewa ya bombani inayafuata maji. Kila nyuzi moja ni takriban 0.6 m/s, kwa hiyo nyuzi nne ni 2.4 m/s. Njia rahisi ni kuyaacha maji kwenye chumba tangu jana yake.

---

Sayansi_Kwetu

Swali dogo kwa wakuu: vitabu vingine vinaandika 330, vingine 340. Mwanafunzi wa Dar akipata 349 asahihishwe kwa lipi?

---

fundi_maabara

Kwa joto aliloliandika, si kwa namba ya kitabu. 331 ni kasi kwenye 0°C. 340 ni kama 15°C. Kanuni ya kutumia darasani: kasi = 331.3 + 0.6 × joto. Kwenye 29°C inatoa 348.7 m/s. Dar mchana wa 32°C ni karibu 350.5. Shule ya Mbeya asubuhi yenye 15°C itapata karibu 340, na wote wako sahihi.

Na tusiseme ni kwa sababu Mbeya iko juu. Ukipanda mlima, mgandamizo wa hewa unapungua na msongamano wake unapungua kwa uwiano uleule, vinafutana. Kinachobaki ni joto.

Mvuke wa maji nao una mchango. Molekuli ya maji ni nyepesi kuliko ya naitrojeni na ya oksijeni, kwa hiyo hewa yenye unyevu inapitisha sauti haraka kidogo. Kwenye nyuzi 30 na unyevu uliojaa, kama ilivyo ndani ya bomba lenye maji, ongezeko ni karibu 2 m/s. Ukipata 350 au 351, usilitafute kosa lisilokuwepo.

---

Kioo_na_Nuru

Nijibu ile hoja ya wanafunzi kuhusu prizimu, maana nafikiri ndiyo sehemu nzuri zaidi ya swali na isipotee.

Kwenye ombwe mwanga wa rangi zote unakwenda kasi moja, 299,792,458 m/s. Kwenye hewa tofauti kati ya rangi ni ndogo mno. Tofauti inaonekana ndani ya kioo. Kwa kioo cha kawaida cha maabara, kipeo cha kupinda mwanga ni karibu 1.51 kwa nyekundu na 1.53 kwa zambarau. Gawa kasi ya mwanga kwa namba hizo: nyekundu takriban km 198,500 kwa sekunde, zambarau takriban km 196,000. Pengo la asilimia moja na kitu, na hilo pekee linatosha kuzitandaza rangi.

Sababu iko kwenye kioo. Wimbi la mwanga linazitikisa elektroni za kioo, nazo zinatoa mwanga wao uliochelewa kidogo, ukijumlishwa na ule wa awali unapata wimbi linalosonga polepole zaidi. Elektroni hizo zina masafa yao ya asili, ambayo kwa kioo yako juu ya zambarau, kwenye eneo lisiloonekana kwa macho. Rangi iliyo karibu zaidi na masafa hayo ndiyo inayozitikisa zaidi na kuchelewa zaidi. Ndiyo maana zambarau inabaki nyuma.

Sauti hewani haina kitu cha namna hiyo kwenye masafa tunayoyasikia. Molekuli zinasukumana kwa kugongana, na migongano ni mabilioni kwa sekunde, wakati wimbi la 512 Hz linabadilika mara 512 tu. Hewa ina muda wa kutosha kulifuata wimbi lolote la sauti kwa namna ileile. Kasi inaamuliwa na joto na aina ya gesi basi.

Kuna kipande cha historia kinachofaa darasani. Newton alipiga hesabu ya kasi ya sauti akichukulia kwamba joto la hewa halibadiliki wimbi linapopita. Jibu lake lilipungua kwa takriban asilimia 15. Laplace ndiye aliyeonyesha kwamba hewa ikibanwa ghafla inapata joto, na joto hilo halipati nafasi ya kutoroka kabla wimbi halijapita, kwa hiyo hewa inakuwa ngumu zaidi kubanwa na sauti inakwenda kasi zaidi. Hapo ndipo inapoingia kwenye kanuni namba 1.40, yaani hewa ikibanwa ghafla ni ngumu mara 1.40 kuliko ikibanwa polepole.

Ushahidi wa kuwapa wanafunzi bila kifaa: wasikilize bendi ya matarumbeta ikiwa mbali, mita 300 hivi. Kama 256 Hz ingekuwa na kasi ya 334 na 512 Hz kasi ya 319 kama jedwali linavyodai, sauti nyembamba zingechelewa kwa takriban sehemu ya ishirini na nne ya sekunde kila mita 300. Kwenye kilomita moja ni karibu sekunde 0.14, na wimbo ungesikika umevurugika. Lakini wimbo unafika mzima, umepungua nguvu tu.

---

mwl_kidato4

Nashukuru sana wakuu. Nimerudia 512 Hz kwa vilele viwili: L1 = 15.6, L2 = 49.7. Kasi 2 × 512 × 0.341 = 349 m/s. Nyongeza (49.7 − 46.8) ÷ 2 = sm 1.45, karibu kabisa na 1.4 ya fundi.

Maswali mawili. Uma hautoshi kwa makundi yote, je, simu inaweza kutumika? Na je, kuna jaribio la mwanga la kulinganisha na hili, ambalo mwanafunzi anapima urefu wa wimbi kwa rula?

---

Darubini

Simu inafaa, kwa tahadhari. Pakua programu yoyote ya kutoa mlio wa masafa maalumu, chagua wimbi laini la sini, usichague la mraba wala la msumeno. Ielekeze spika kwenye mdomo wa bomba kutoka upande, umbali wa sm 3 hivi, ili simu isiuzibe.

Tatizo liko masafa ya chini. Spika ndogo ya simu ni dhaifu chini ya 300 Hz, na ukiongeza sauti hadi mwisho inaanza kupotosha wimbi, inatoa pia mara mbili na mara tatu ya masafa. Ukiomba 256 Hz unapata na 512 na 768 ndani yake. Bomba lako likipandishwa kutoka chini litavuma kwanza karibu na sm 9.9 kwa ajili ya 768, kisha 15.6 kwa ajili ya 512, kabla hujafika 32.6 ya kweli. Mwanafunzi anasimama kwenye kilele cha kwanza anachokutana nacho, anapata kasi ya 101 m/s na darasa linashangaa. Kwa simu tumia 400 hadi 1000 Hz, sauti nusu. Kwenye 800 Hz bomba la sm 70 linakupa vilele vitatu, karibu na sm 9.5, 31.3 na 53.1, na umbali kati yao ni ule ule.

---

Kioo_na_Nuru

Kwa mwanga tumia CD na leza nyekundu ya kalamu. Njia za CD, yaani mistari yake myembamba ya kurekodia, zimepangwa kwa nafasi ya mikromita 1.6. Kila njia inarudisha mwanga, na mwanga wa njia jirani unaimarishana kwenye pembe ambayo tofauti ya safari ni wimbi moja zima. Kanuni: urefu wa wimbi = 1.6 × sin θ, ambapo θ ni pembe hiyo, jibu kwa mikromita.

Toboa tundu la mm 3 katikati ya karatasi ngumu nyeupe na uisimamishe wima. Leza ipite kwenye tundu. CD isimame wima sm 50 mbele ya karatasi, upande unaong'aa ukiitazama. Mwale uguse CD kando, kulia au kushoto kwa kitovu na kwa kimo kilekile cha kitovu, kwa sababu hapo njia ziko wima na nukta zitatawanyika mlalo. Ukigusa juu ya kitovu, nukta zitakwenda juu na chini. Geuza CD kidogokidogo mpaka nukta kali ya kati irudi kwenye tundu lilelile. Sasa kwenye karatasi kuna nukta moja kushoto na moja kulia. Pima umbali wa kila moja kutoka tundu, chukua wastani. Wastani unafuta mwinamo mdogo wa CD uliobaki.

Leza ya nanomita 650 itakupa karibu sm 22.2. Gawa 22.2 kwa 50, unapata tan θ = 0.444, θ = 23.9°, sin θ = 0.406, mara 1.6 ni mikromita 0.65. Kosa linalojirudia ni kuchukua 22.2 ÷ 50 kama sin moja kwa moja. Inatoa 0.71, zaidi kwa asilimia 9, na mwanafunzi analaumu leza. Ule mkato wa kuchukulia tan na sin ni sawa unafaa kwa pembe ndogo, nyuzi 24 si ndogo.

DVD ina nafasi ya mikromita 0.74, hivyo pembe inaruka hadi 61° na karatasi ya sm 50 nyuma haitaikamata. Sogeza DVD hadi sm 15, nukta itakuwa karibu sm 27.6 kando.

Usalama, na hapa nasisitiza: leza isizidi mW 1, ifungwe kwenye meza kwa kibanio cha nguo ili isishikwe mkononi, na kichwa cha mtu yeyote kisiwe kwenye kimo cha mwale. CD inarudisha mwanga kwenye pembe nyingi, si moja. Leza za kijani za bei nafuu ziachwe kabisa. Nyingine zinavuja infraredi isiyoonekana ambayo jicho halipepesi kuikwepa.

Ukimaliza, ziweke namba mbili ubaoni. Wimbi la sauti la 512 Hz ni sm 68. Wimbi la leza ni fupi zaidi, karibu mara milioni moja. Ndiyo maana sauti inapinda kwenye mlango wa darasa bila shida, na mwanga unahitaji njia za mikromita chache ndipo kupinda kwake kuonekane.

---

Sayansi_Kwetu

Kwa atakayenunua CD tupu: CD-R inafaa pia, nafasi ni ileile. Chagua isiyo na mikwaruzo na isiyopinda. Diski iliyoachwa juani inajikunja, na nukta zinageuka michirizi isiyopimika.